Kabati na Shimo

Newala, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka stendi.
Kwa Mchopa mna joto la watu na runinga mbili.
Mchezo wa kale mia mbili, mpya mia tano.
Tangu asubuhi nafungua mashine za kupulizia salfa,
kucha zangu bado za njano,
Mchopa hunipa tambara kabla ya kunipa pedi.

Mpya kwanza.
Watu wanne, kabati moja, nyumba ya ghorofa tatu.
Litolewe nje, kioo kisivunjike. Basi.
Hakuna bunduki, hakuna jini.
Adui ni mlango.
Somoe wa mihogo kashika mbele,
Chitanda wa bodaboda kashika nyuma,
mimi ubavu huu, na ubavu ule Yakubu,
darasa la nne, ambaye hakuna aliyemwalika.

"Kulia!"
"Kulia kwako au kwangu?"
"Mkono wa ugali, baba, mkono wa ugali!"
Kioo: chali.
Chitanda avuta, Somoe asukuma,
wanagombana kama wana watoto sita pamoja.
Kioo tena.

Mara ya saba tukanyamaza.
Sijui ilikuwaje. Mmoja aliinua kidogo, mwingine akashusha,
kabati likakata kona ya ngazi
kama maji yanayojua njia.
Na bega langu, hili la nyama,
likakumbuka mwaka juzi, njia ya mchanga, jeneza la kaka Hemedi:
hakuna aliyesema kulia wala kushoto.
Bega lilipochoka lilikuta bega.

Nikasema nimechoka, nikahamia runinga ya chogo.

Hapa unakaa peke yako.
Kaseti unaipuliza kwanza kama kaa la jiko.
Kisha kijitu, miraba michache tu, ama kina kofia ama kina nywele,
mimi na Mchopa hatujawahi kukubaliana.
Muziki wake nyuki ndani ya kopo.
Kinakwenda kulia. Kurudi hakijui.
Roho tatu, na mashimo.

Watu wa Newala tusifundishwe shimo.
Tunalo letu pale ukingoni, ardhi inapokatika ghafla
na Msumbiji inaonekana chini kama imeangushwa na mtu;
tulipoona ni kubwa mno kwetu, tukaliita la Mungu.
Mama alitukataza kusogea.
Hemedi alisogea.
Hata kwenye mchezo alikuwa hivyo:
"Ngoja nusu ya mguu iwe hewani, ndipo uruke."
Mimi huruka mapema. Naanguka nikiwa na tahadhari zangu zote.

Juu ya shimo la nne kuna tofali lisiloonekana.
Ulipige kwa kichwa, ndipo litokee, ulikanyage.
Yeye alilijua. Sikuwahi kumuuliza ni wapi hasa;
nani humuuliza kaka yake jambo kama hilo
akidhani ziko jioni nyingine?

Roho ya kwanza. Roho ya pili.
Ya tatu, nusu ya mguu hewani,
na giza.

"Luku," akasema Mchopa, kama anayetaja jina la mdeni.

Kabati, wakasema, limehifadhiwa pale pale mlangoni,
umeme ukirudi litatusubiri.
Kijitu changu hakihifadhiwi.
Kitaanza upya, shimo la kwanza, hakinijui.

Ndipo gizani Yakubu akasema, taratibu, huku anatafuna muhogo wa watu:
"Unaruka nje sana. Tofali liko nyuma kidogo, juu ya ule mti mfupi.
Yule kaka wa pikipiki nyekundu alinionyesha."

Nikakaa kimya.
Sarafu zikapita mkono kwa mkono, mia, mia mbili,
Somoe akaongeza yake na kulalamika.
Namba zikaja kwenye simu ya Chitanda, tarakimu ishirini,
yeye asome, Mchopa abonyeze ukutani,
Somoe amulike, mimi nishike kiti.

"Nne, nane, sifuri, sifuri..."
"Sifuri ngapi?"
"Mbili. Polepole, jamani. Mbili."