Kikombe Juu ya Kabati

Kikombe cha fedha, cha kuruka juu,
shule ya bweni, mwaka wa ishirini na sita,
sasa kimejaa pamba.
Daktari Tolhurst hutumbukiza kibano,
huchomoa kitonge, humwambia mkulima wa ngano:
"Panua. Zaidi. Hesabu kondoo wako."

Warrabin, mwisho wa reli ya Sydney,
ghala moja, baa mbili,
na meno yote anayajua kama majirani:
jino la Bi Hesketh, lililovunjwa na mfupa wa Krismasi,
meno ya kasisi, meusi kwa chai,
na ya farasi, mara moja, kufuta deni.

Goti lake la kushoto hutabiri mvua kuliko redio.
Hakuna aulizaye aliruka kimo gani.
Naye hasemi.

Ila Alhamisi moja, kliniki imefungwa,
mtoto wa mhunzi alichungulia uani:
suruali imekunjwa,
waya wa nguo umeshushwa usawa wa kifua,
mzee anarudi nyuma hatua kumi na moja,
anahesabu kwa midomo,

akaja.

Waya haukutikisika.
Mtoto kaachama.
Na daktari, chali kwenye nyasi kavu, akihema:
"Hilo la nyuma, la juu.
Limetoboka. Njoo kesho."