Treni Kwenye Zidaka

Ukuta wetu wa Langoni una zidaka ishirini na saba.
Zamani, alisema bibi, humo zilikaa sahani za Uchina.
Zikauzwa mojamoja: karo, harusi, dawa ya macho.
Baba akaona aibu ukuta kukaa kinywa wazi,
akaujaza treni.

Lali Bunu, fundi wa mashini za boti,
hajawahi kupanda treni.
Hapa kwetu magurudumu ni ya mkokoteni,
na punda akigoma, safari imekwisha.
Ila Bwana Morikubo, alipokuja kufunza mafundi
kufungua mashini za Kijapani bila kuzivunja moyo,
alimwachia kitabu cha picha chenye harufu ya petroli.
Baba akakisoma miaka kumi na minne
bila kujua herufi hata moja. Tarakimu alizijua.

1927, karibu na mlango:
behewa la manjano la njia ya Ginza,
lililopita chini ya Tokyo kabla ya mengine yote.
"Chini ya mui!" akacheka. "Huku chimba dhiraa tatu tu,
uamkiwe na maji ya chumvi."
Alilichonga kwa mbambakofi, masalio ya mlango wa jirani.

La pili, namba sitini na tatu, halina rangi.
Behewa la njaa, la mwisho wa vita,
kila dirisha limekatwa vipande vitatu kwa uhaba wa vioo.
Ubavu mmoja umeungua.
Nilidhani mshumaa ulimponyoka.
Kumbe ni mwaka wa hamsini na moja, stesheni ya Sakuragicho:
waya ulikatika, moto ukashika,
milango ikakataa, na dirisha
likapitisha mkono, lisipitishe mtu.
Zaidi ya mia moja.
Morikubo alilieleza hilo kwa viganja, maneno hakuwa nayo.

Tangu hapo kila behewa alilochonga
lina nukta nyekundu kando ya mlango,
rangi ya kucha aliyomwibia mama:
kipini cha kufungulia, kwa abiria yeyote,
hata mfupi.

Halafu rangi zikafurika.
Jekundu la Marunouchi, wimbi la fedha kiunoni
(uzeeni mengine yalivushwa bahari, yakapata kazi Buenos Aires).
La chungwa, 101, milango minne kila ubavu,
la njia ya Chuo. Mama alidhani
ni treni ya watoto waendao kwa mwalimu, juzuu kwapani.
"Chuo kwao ni katikati," baba akasema.
"Na kwetu?" akauliza mama.
Akakosa jibu.
Ndugu zake, 103, walizaliwa zaidi ya elfu tatu;
baba alichonga sita, rangi ya maboya ikamwishia.
Tumboni mwa mmoja ameandika kwa penseli:

    Nilikuwa ni kipande
    kwenye taka za upande
    sasa watu wanipande
    nao wafike salama.

Kisha ikaja chuma isiyoshika kutu, isiyotaka rangi
ila mkanda. Akakata makopo ya maziwa.
Mwaka wa tisini na tatu likafika 209:
nusu uzito, nusu bei, nusu umri.
Hapo aliweka patasi chini.
"Nani huunda kitu huku amekikatia siku?"
Akajisikia alivyosema, akanyamaza.
Behewa hilo lina magurudumu mawili tu.
Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka.

Juzi walikuja vijana wa kupima ardhi,
wametoka bara kupigilia vigingi vya reli.
Wakanywa kahawa yetu, wakasifia zidaka,
wakasema treni itafika, mwaka hawakuutaja.
Baba, macho kwenye kashata, aliuliza moja tu:
"Na mlango, hufunguliwa vipi kwa ndani?"
Wakatazamana.

Kidaka cha ishirini na saba kitupu.
Mpwa wangu huchajia simu humo.