Kokoto

Jua letu la Umoja lilikatwa mwezi wa tatu.
Si kwa wingu. Kwa ghorofa ya saba
iliyopandishwa ploti ya pili, jiwe juu ya jiwe,
hata chai ya saa nne asubuhi
tukawa tunaimimina kwa taa ya simu.
Kuta zikaota ukungu. Nyandika akaanza kukohoa,
na Kerubo akanunua daftari la kurasa tisini na sita.

Akapiga mistari. Maji. Shule. Kodi.
Ngazi, kwa ajili ya magoti ya mama.
Safu ya mwisho hakuipa jina.

Jumapili kwa Jumapili tukatoka, watu watano
na viatu vya kanisani, kwenda kugonga mageti ya watu.

Syokimau: sebule ya kuchezea mpira,
garimoshi karibu, kodi ya kuongeleka.
Nikafungua bomba, nikaonja. Chumvi.
Ajenti akacheka: "Mboga zitajikoleza zenyewe, mzee."
Kerubo akaandika: *chai itakatika.*

Utawala, ndege. Kila sentensi ilipasuliwa katikati,
tukangoja ngurumo ipite ndipo tumalizie.
Mama alikuwa anasema, "Nyumba hii, mimi naona..."
Ndege ikapita. Hakumalizia.

Ruaka ngazi themanini na nane; nilizihesabu
kwa pumzi za mama nyuma yangu.
Dirisha la jikoni likitazama dirisha la jikoni.
Mwanamke wa huko alikuwa anakaanga vitunguu,
akatuangalia, akavuta pazia
kama anayefunga gazeti ulilokuwa ukilisoma begani mwake.

Rongai tuliipenda sote, mpaka nikapiga hesabu ya barabara:
kutoka hawajaamka, kurudi wamelala.
Bosibori, miaka tisa, akasema,
"Kwa hivyo baba tutamwona Jumapili tu, kama mhubiri?"

Mama naye alikuwa na kipimo chake.
Kila tulipokwenda aliketi penye lango, mkoba magotini,
akihesabu salamu.
Ruaka sufuri. Utawala moja,
"na huyo ni bawabu, analipwa."
Kahawa Wendani alihesabu nne, akanyamaza kidogo, akaongeza:
"Mmoja ameniuliza magoti yalianza lini."

Nyumba yenyewe, mh.
Chumba cha watoto kimemeza kitanda, mlango haufunguki wote.
Maji Jumanne na Ijumaa, Mungu akipenda.
Kodi imeruka daftari kwa elfu tatu.
Lakini saa tisa jua liliingia kwa dirisha la jikoni,
likalala sakafuni, pana kama mkeka,
na Nyandika akalala juu yake na shati jeupe.
Hakukohoa. Hakuna aliyemwambia habari ya shati.

Nikatoka nje, nasema naangalia pa kuanikia nguo.
Nyuma ya ua, ploti tupu: mahindi ya kuibia msimu,
kiatu kimoja, nambari kwa rangi nyekundu kwenye jiwe.
Na nyuma ya mahindi, kokoto.
Lundo jipya, bado lina vumbi la machimboni,
nyasi hazijapata hata muda wa kulizoea.

Nilisimama pale nikijenga nyumba ya mtu.
Msingi, mwaka. Ghorofa ya kwanza, mwaka.
Hapo fedha humwishia mtu, benki ikawa kali,
ndugu wakashtakiana kwa hati ya shamba,
Mungu nisamehe, nilimwombea hasara nisiyemjua.
Tuseme miaka minne. Mitano, wakishtakiana vizuri.
Bosibori atakuwa ameniota begani.
Kifua cha Nyandika kitakuwa kimekomaa, labda.

Nikarudi ndani, nikasema, "Hapa."
Mama akasema, "Basi."
Kerubo alikuwa anafunga kalamu.

Usiku, wote wamelala, nikalifungua daftari
kuhakiki tarakimu za amana.
Safu isiyo na jina ilikuwa tupu ukurasa hadi ukurasa,
ila mstari wa Wendani, herufi ndogo, kwa penseli:
*kokoto, kama lori mbili. Tuhamie.*

Nikazima taa ya simu.