Vikombe vya Wageni

Vilikaa kabatini tangu mwaka wa Elnino,
vikombe sita vyenye mstari wa buluu mdomoni,
vilivyonunuliwa Majengo kwa fedha ya karanga
na kuletwa Mvumi juu ya mapaja, si juu ya keria.
Sisi tulinywea bati.
Mchungaji Chidawali alivinywea mara mbili,
mkaguzi wa shule mara moja,
na dada yangu Nyemo alivigusa tu
akaijua fimbo ya mkole.

Kisha ikaja Julai ile ya upepo,
Mama akarudi kutoka hospitali ya rufaa
na bahasha ya kaki ambayo hakuna aliyetaka kuibeba.
Daktari alikuwa kijana mpole.
Aliyazunguka maneno
kama mbwa anayetafuta pa kulala,
hadi Mama akamsaidia:
“Sema tu, mwanangu. Nami nimezika watu.”

Nyumbani kwanza alifagia.
Kisha akafungua kabati kwa ule msumari,
akavisuuza vyote sita, akatupangia mkekani
uji wa uwele wenye ukwaju.
Nyemo akauliza, “Kuna mgeni?”
“Yupo. Keshabisha hodi.
Nimemwambia karibu,
ila akae kwanza hapo nje
nimalize uji wangu.”

Sisemi hakuogopa.
Usiku ukuta wetu ni mwembamba,
na kuna kulia kunakofanana na kukohoa.
Asubuhi alituamkia “Mbukwenyi!”
kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri,
nasi tukaitika, tukijua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Msemo huo nimeusikia tangu sijaota meno
na sikuwahi kuuliza anapona nini.
Mwili haukupona. Kiuno kilipungua
hadi kanga ikamzunguka mara mbili.
Lakini alipona kuweka.
Alipona ule mlango wa kesho
aliokuwa akiufunga kila jioni, ufunguo kiunoni.
Asali ya nyuki wadogo, ya dawa, isiyoguswa,
tuliila kwa vidole siku moja, hata sufuria tukairamba.
Mpaka wa shamba, kesi ya miaka kumi na minne
na Mama Mbeleje, aliumaliza kwa kuvuka:
alikwenda na kibuyu cha togwa,
wakarudi wamelewa kicheko, mawe ya mpaka yapo hadi leo,
hakuna anayeyatazama.

Akataka kupanda treni ya umeme.
“Kwenda wapi?” “Morogoro.”
“Kwa nani?” “Kwa treni.”
Tukaenda, tukanunua machungwa, tukarudi siku hiyohiyo.
Njia nzima alikuwa amebandika paji la uso kiooni
akiitazama nchi yetu kavu ikikimbia,
miiba, mbuga, mbuzi, miiba,
akasema, “Kumbe ni nzuri hivi,
nami nililalamikia mvua tu.”

Septemba mtoto wa Nyemo akaangusha kikombe.
Sote tukaganda, hata kuku.
Mama akaokota kipande chenye mstari wa buluu,
akakigeuzageuza juani.
“Miaka yote hii,” akasema,
“nilikuwa mlinzi wa kishindo kidogo hivi?”

Alituacha kabla ya mvua za kwanza,
siku ya gulio, saa ya kurudi watu.
Msibani vilinywewa na kila aliyekuja,
waliotoka Handali kwa miguu, wachimba kaburi
wenye udongo kuchani.
Kimoja kikaondoka na mtu.
Na akinywee.

Vimebaki vinne. Viko kwangu Chang’ombe,
kwenye ndoo, pamoja na masufuria.
Leo alfajiri mwanangu Chilewa
alikililia chenye mstari wa buluu.
Mkono wangu ulisita, nakiri.
Ule mkono nimeurithi.
Kisha nikamimina chai,
akakishika kwa viganja vyote viwili,
akapuliza,
akanywa kwa kelele.