Msumari wa Nchi Nne

Miaka ishirini na sita
nimelijengea zege nyumba yake ya mbao,
nikalimimina humo, nikalisubiri ligande,
kisha nikaivunja nyumba, nikang'oa misumari,
nikainyoosha kwa nyundo kwa ajili ya kesho.
Mtwara hii, kutoka Shangani hadi Chuno,
nguzo ngapi zimepita mikononi mwangu.

Leo Naliendele, kiwanja cha zahanati,
Salima Nandonde ameweka kompyuta juu ya mfuko wa saruji.
Anachora ukuta, ukuta unapinda
kama mgongo wa mtu anayeokota korosho.
Nikasema, binti, mbao haikubali hivyo.
Akasema, Fundi Chilumba, mbao hakuna.

Kweli, hakuna.
Kuna shingo ya chuma na mdomo mmoja
unaotema zege jembamba, laini, mfululizo,
unazunguka, unarudi, unapanda juu ya mate yake.
Nilisimama na nyundo kama mgeni aliyebeba mkeka
kwenye nyumba yenye makochi.

Tabaka la tatu. La tano. La tisa.
Hapo ndipo nilipomwona bibi yangu mzaa mama,
amechuchumaa uani, Kitaya,
anasokota udongo, anauzungusha, msokoto juu ya msokoto,
mtungi unakua bila sanduku, bila msumari, bila mimi.
Kumbe kilichonifukuza kazi ni cha nyumbani.

Saa saba mchana umeme ukakatika.

Zege halilali, ndivyo tusemavyo.
Hili lililazwa, tabaka la kumi na nne,
na jua likaanza kulinyonya.
Salima anapiga simu. Kompyuta ingali inawaka,
mchoro umekamilika humo, hauna shida yoyote.
Mimi nikalowesha magunia, nikafunika ukingo.
Bibi akienda kusonga ugali
aliacha kitambaa kibichi juu ya mdomo wa mtungi,
na akirudi aliukwaruza kwa kipande cha kifuu,
maana udongo mpya haushiki penye utelezi.
Nikatoa mfukoni msumari wa nchi nne.
Nikaukwaruza ukingo wote, nimepiga magoti juu ya jukwaa.

Umeme uliporudi mashine ikaendelea
kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni Salima akaniuliza,
kidole kikiwa juu ya kibonye:
mikwaruzo mingapi kwa kila sentimita, Fundi?
Kina chake? Nataka niiingize.

Nikautazama msumari. Umepinda kidogo.
Sikuwa nimehesabu.