Gari la Vifungo

Baba hakuhitaji fundi wa bodi. Alikuwa na mshonaji:
Bi Otylie, nyumba ya tatu kutoka kanisani,
aliyelipima gari letu kwa futikamba
kama anayempima bwana harusi,
kisha akauliza, na sindano mdomoni,
"Mabegani je, halimbani?"

Magurudumu matatu. Mabomba ya chuma
yaliyopindwa kama mbavu za mbwa mwenye njaa,
na juu yake ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee,
iliyofungwa kwa vifungo.
Vifungo, kama koti.
Baridi ikizidi, lilitetemeka pamoja nasi.

Serikali iliwagawia waliokatwa miguu.
Wa Baba ulibaki mgodini Ostrava mwaka niliozaliwa.
"Mmoja umetoka, miwili imeingia," alikuwa akisema,
"nyumba hii haina hasara."

Halikuwa na gia ya nyuma.
Ukitaka kurudi, unazima injini,
unaiwasha upya izunguke kinyume,
na hapo unazo gia zote nne za kurudia,
mbio zile zile ulizojia.

Siku moja, kwenye daraja jembamba, lori la magogo.
Dereva akatupungia mkono kama afukuzaye nzi.
Baba akazima. Akawasha.
Tukarudi kinyumenyume mpaka kwenye kinu cha mbao,
gia ya pili, ya tatu, ya nne,
yeye shingo kaigeuza, mimi nikimtazama yule dereva
akizidi kuwa mdogo nyuma ya kioo chake,
mdogo,
mpaka akavua kofia.

Sasa nalitoa kila Mei, mvua ya theluji ikishakoma.
Petrolini kijana ananiuliza kama nimelitengeneza mwenyewe.
Yamebaki mangapi?
Sijui, mwanangu. La Řehoř kuku wanatagia.
La Bohumír limekuwa uzio wa nyanya.
La mjane wa Polička alizikwa nalo, wanasema,
na mimi naamini, maana lingeenea.

Yale makubwa ya wakati ule, ya wakubwa,
yaliyotupita yakitumwagia tope,
yameyeyushwa zamani, labda ni masufuria.
Hili lilitaka uzi tu.

Bi Otylie aliniachia kopo lake la biskuti.
Ndani, vifungo: cha jeshi, cha mtoto,
kimoja cheupe cha gauni ambalo hakulivaa,
hakuniambia kwa nini. Kiko mlangoni, upande wa abiria.
Mkaguzi wa barabara huvihesabu kwa kidole,
anasahau kukagua breki.

Jioni naliingiza bandani kinyumenyume.
Nazima. Nawasha.
Gia ya kwanza, ya pili basi.
Ya nne sijawahi kuithubutu.