Barua ya Pili

Ya kwanza ilikwenda Mfunguo Nne, kwa hesabu ya mama,
pamoja na vyeti vyote na picha mbili za pasipoti
ambazo Kauthar wa studio ya Mwembe Tayari
alinipiga mara tatu, kwa kuwa nilikuwa nacheka.
Tangu hapo chuo kimenyamaza
kama mtu aliyeshikiwa kipimajoto kinywani.

Siku ya tisa nikaketi kuandika:
Kwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba,
napenda kukujulisha kwamba
Kwamba nini?
Kalamu ikakwama kwenye hiyo "kwamba"
hadi adhana ya alasiri.
Sikuwa na jipya ila hamu,
na hamu walishaisoma kwenye fomu, ukurasa wa sita.

Mama anakaanga bajia barazani, Majengo.
Yeye ataka niandike kila Ijumaa.
"Wasiokujua watakukumbukaje?"
Lakini nimemwona na yule kijana wa gereji
anayeuliza kila dakika, "Mama, zishaiva?"
Humpa za mwisho, zilizovunjika.

Binamu yangu Twalib yuko mwaka wa tatu huko huko,
na siku hizi anajibu simu kwa kunong'ona.
"Moja. Sana sana mbili. Kikao chao ni mwisho wa mwezi;
ifike wiki mbili kabla.
Ikitangulia mno itafukiwa na mafaili,
ikichelewa ataisoma karani na chai yake.
Na usiandike kama huna la kusema, Salha.
Nakujua."

Zahanati ya Kisauni ina benchi nne
na feni moja izungukayo ikipenda.
Najitolea kupanga kadi na kupima joto.
Mwezi wa kwanza niliandika kwenye kadi ya mtoto:
Anaendelea vizuri, inshallah.
Sista Mbeyu akaikata kwa wino mwekundu.
"Inshallah ni yako na Mola wako, wala sikukatazi.
Hapa andika saa. Andika joto. Andika kilichobadilika.
Hakuna kilichobadilika? Andika 'hali ileile',
nenda kwa mwingine."
"Na nikiwa na wasiwasi?"
"Pima tena. Wasiwasi nao una namba yake."

Mtoto mwenyewe aliitwa Nyevu.
Saa tisa usiku, thelathini na tisa nukta nne.
Saa kumi, thelathini na tisa nukta nne.
Hali ileile, nikaandika, mkono ukinitetemeka.
Saa kumi na moja na robo mamake akamfunga kwa leso,
wakapanda tuktuk kwenda hospitali kuu.
Kadi inaishia hapo.
Nimeuliza mara mbili. Hakuna ajuaye.

Kisha matokeo ya kemia niliyoirudia yakatoka:
ile C imekuwa B.
Nikahesabu siku kwa vidole. Kumi na sita kabla ya kikao.

Nyevu nilimtia kwenye barua, nikamtoa.
Nikamrudisha, kwa aya nzima yenye machozi
ambayo ingemtoa chozi hata karani.
Nikamtoa.
Sikuwa na haki ya kumtumia kama muhuri
na mwisho wake siujui.

Ikabaki mistari minne.
Alama ya kemia, na tarehe.
Saa mia mbili na kumi Kisauni, na jina la Sista Mbeyu.
Kwamba bado nakitaka chuo hiki kabla ya vingine.
Shukrani.
Nikaituma kwa barua pepe, saiba ya Buxton, shilingi ishirini,
na yule kijana wa kaunta akaniuliza kama nataka kuchapa nakala.
Nikasema ndiyo, sijui kwa nini. Kumi zaidi.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Mama aniuliza bila kugeuka, mafuta yakichachatika:
"Wamejibu?"
"Hali ileile, mama."
Akaopoa bajia, akazikung'uta kwenye chujio.
"Haya. Kamua ndimu basi, watu wanangoja."